Redio, Bao na Meli Iliyozama Salale

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike historia ya starehe za wanafunzi wa shule yetu katika miaka ya 1970, yaani muziki tulioupenda, michezo tuliyoicheza na picha tulizozisikia au kuziona. Nilikubali upesi, maana hakuna mzee asiyependa kuulizwa habari za ujana wake. Nilipoketi kuandika ndipo nilipotambua kuwa habari hizi zina deni ndani yake. Deni hilo nimekwisha mlipa mwenyewe, lakini sijalilipa mbele ya mashahidi. Na mashahidi ni ninyi mliolala bweni moja nami mwaka 1977. Nitafika huko.

Wanafunzi wa sasa hawana budi kuelezwa kwanza hali ya mahali ilivyokuwa. Kibiti ya siku hizo ilikuwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Rufiji, na makao makuu ya wilaya yalikuwa Utete, ng'ambo ya mto. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 130 kwa Barabara ya Kilwa, na wakati wa masika barabara hiyo ilikuwa na hiari yake: ikitaka unapita, isipotaka unalala njiani. Aliyekuwa akienda Kilwa au Lindi alisubiri pantoni pale Ndundu. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, lilifunguliwa mwaka 2003, tena sisi tukiwa watu wazima wenye mvi. Upande wa mashariki ndiko kwenye delta, mto unakogawanyika katika mikono mingi na kuingia baharini katikati ya mikoko. Wenzetu waliotoka huko, Salale, Mbwera, Msala na Nyamisati, walikuja shuleni wakiwa wameanza safari kwa mtumbwi.

Kwa sababu hiyo starehe nyingi zilitufikia kwa sikio kabla ya jicho. Bwenini kwetu palikuwa na redio moja, aina ya National, mali ya kaka mmoja wa kidato cha nne ambaye alipata heshima kuliko kiranja. Betri zilipochoka tulizianika juani juu ya bati, na jioni zilikuwa na nguvu ya kutosha kusikia taarifa ya habari, mchezo wa Pwagu na Pwaguzi, na nyimbo tatu au nne. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Wengine walikuwa wafuasi wa NUTA Jazz, wengine Afro 70 ya Patrick Balisidya, wengine Orchestra Maquis, wale vijana waliotoka Zaire na kuingia nchini mwaka 1972. Mimi nilikuwa mtu wa Mbaraka Mwinshehe, na nathubutu kusema kuwa mpaka leo sijabadili dini hiyo.

Sababu yangu ya kwanza ilikuwa ya ukabila wa mkoa, nakiri. Watu humhesabu Mbaraka kuwa ni wa Morogoro, kwa kuwa aliipatia sifa Morogoro Jazz, bendi iliyokuwapo tangu mwaka 1944. Lakini alizaliwa Mzenga, Wilaya ya Kisarawe, mwaka huohuo wa 1944; kwa hiyo ni mwana wa Mkoa wetu wa Pwani. Na Muhidin Maalim Gurumo wa NUTA naye alikuwa mtu wa Kisarawe. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu wa bara: ninyi mna kahawa na pamba, sisi tuna Mbaraka na Gurumo. Sababu ya pili ilikuwa ni gitaa lenyewe. Mbaraka alikuwa haharakishi. Alikuacha usikilize maneno mpaka mwisho, habari ya mapenzi au ya shida za maisha, kisha gitaa likaingia kama mtu wa pili katika mazungumzo, likijibu, likibisha, na mara likaondoka na wewe. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Expo 70, wakiiwakilisha Tanzania. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha bendi hiyo na kuunda Super Volcano. Ubishi wa kama Volcano ilikuwa bora kuliko Morogoro Jazz tuliuzungumza bwenini kwa miaka mitatu bila kufikia uamuzi. Mimi nasema Morogoro Jazz.

Jambo ambalo hatukulielewa wakati ule ni namna muziki huo ulivyokuwa ukitengenezwa. Bendi nyingi zilikuwa mali ya umma. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana wa TANU. Polisi na Jeshi walikuwa na zao. Mpigaji alikuwa mtumishi mwenye mshahara, na gitaa lilikuwa la mwajiri. Akigombana na wakubwa, aliliacha gitaa mlangoni. Ndiyo maana wanamuziki walihama sana: mwaka 1978 Gurumo na wenzake waliondoka na kuanzisha Mlimani Park, nao waliobaki wakaendelea kwa jina la JUWATA. Nyimbo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri. Ilibidi kwenda Nairobi. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Jumuiya ikavunjika, na ukawa umefungwa hadi mwaka 1983. Nyimbo nyingi tulizozipenda hazikupata kuwa santuri kamwe. Zilibaki katika tepu za redio, na katika vichwa vyetu.

Mwishoni mwa mwaka 1978 redio yetu ilikuwa ya vita. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwezi wa Oktoba, na kila jioni tulikusanyika kusikia habari za mbele. Januari 1979, ndiyo kwanza nimeingia kidato cha nne, tukitarajia habari za askari wetu, ikatangazwa kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki Mombasa baada ya ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 34. Nakumbuka yule mwenye redio wa wakati huo aliizima bila kuombwa, na hakuna aliyesema aiwashe.

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nilianza kusoma asili ya muziki huu, na nikashangaa kukuta kuwa njia inarudi nyuma hadi kwenye vita nyingine. Kabla ya dansi palikuwa na beni. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu: tarumbeta, ngoma kubwa, mavazi ya sare, vyeo vya mfalme na majenerali. Vyama vyake vikubwa viwili vilikuwa Marini na Arinoti, na vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo. Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyoisambaza Afrika Mashariki nzima, kwa miguu ya askari na ya wapagazi. Waliobeba mizigo ya vita walibeba na ngoma. Jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo, ambako watu huenda kununua viatu bila kuwakumbuka waliokufa wakiwa pekupeku. Katika mji huohuo wa Dar es Salaam, miaka ya 1930, Dar es Salaam Jazz na wenzao wakaanza kupiga dansi.

Katika michezo sitasema mengi juu ya mpira. Simba na Yanga wana waandishi wa kutosha. Nitasema juu ya bao, kwa kuwa ndio mchezo pekee ambao mwanafunzi wa delta alikuja nao akiwa amekwisha hitimu. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, ambazo kwetu zilikuwa ni komwe zilizookotwa ufukoni. Mchezaji huanza kwa kuweka kete sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. 22 zinazobaki huzishika mkononi na kuziingiza mojamoja. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi, mchezo unaingia katika mtaji, na hapo mwenye kichwa chepesi hujulikana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao shairi, na Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji wake maarufu. Sisi tulichimba mashimo ardhini nyuma ya jiko, chini ya mwembe. Shuleni palikuwa na vijana waliokuwa wa kwanza katika hesabu lakini hawakuweza kumaliza namua mbele ya kijana fulani wa delta, mtoto wa mkata boriti, ambaye darasani alikuwa wa katikati tu. Alikuwa akihesabu kete za mzunguko mzima kwa macho kabla ya kuinua mkono. Nilikaa mbele yake mara nyingi. Sikumfunga hata mara moja.

Huyu ndiye nitakayemzungumzia, maana ndiye pia aliyekuwa sinema yetu.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kutengeneza picha za kuwafundisha wananchi tangu mwaka 1935, kwa majaribio yaliyofanyika Vugiri huko Usambara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikatolewa picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Baba yangu alikuwa akisema kuwa alimwona Kawawa katika shuka nyeupe kabla ya kumwona jukwaani, na ya kwamba alimpenda zaidi katika shuka. Kwetu gari la sinema lilifika mara chache. Kwa hiyo wale waliokwenda likizo Dar es Salaam, wakapata nauli ya kufika Empire, Avalon, Odeon au Drive-in, walikuwa na wajibu wa kurudi na picha vichwani mwao na kuisimulia. Saa nne usiku taa zilipozimwa, msimuliaji alianza. Alitoa milio ya bastola, ya farasi, ya mateke ya Bruce Lee. Aliimba nyimbo za Kihindi bila kujua neno moja. Msimuliaji hodari alilipwa nyama yake ya Jumamosi. Picha ya Sholay niliisikia mara tatu kabla ya kuiona, na nilipoiona nikaona wamepunguza mambo mengi.

Mwenzetu wa delta hakuwa na mjomba Dar es Salaam. Alipofikiwa na zamu yake, alisimulia picha ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Stelingi wake alikuwa meli. Meli kubwa ya Wadachi, alisema, iliingia kwao ikakimbia Waingereza, ikapanda mto mpaka Salale, ikafunikwa kwa matawi ya mikoko ili isionekane. Ndege zikaja kuitafuta. Kisha akasema kuwa mitambo ya meli ilipoharibika, watu wa kwao walilazimishwa kuifunga kamba na kuiburuta nchi kavu, mabwawani na mchangani, mpaka Dar es Salaam ikatengenezwe, na kuirudisha tena. Babu yake alikuwamo katika kamba hiyo, na bega lake moja lilikuwa limeshuka mpaka alipokufa.

Mimi wakati huo nilikuwa wa kwanza darasani katika somo la historia. Nikasimama gizani kitandani kwangu, nikamwuliza: boila la meli lilikwenda Dar es Salaam kwa miguu? Lilikuwa na viatu? Bweni zima likacheka. Nikaendelea, nikasema kuwa jambo hilo haliko katika kitabu chochote, na kwamba babu zetu wote walipigana na simba na kuvuta meli, alimradi hakuna shahidi. Kuanzia usiku ule aliitwa "Boila". Hakusimulia tena. Aliendelea kutufunga bao bila kusema neno, na mwisho wa kidato cha tatu aliondoka kwenda kumsaidia mama yake baada ya kufiwa na baba. Aliondoka na jina hilo.

Mwaka 1992, nikiwa Dar es Salaam nyumbani kwa rafiki mwenye deki ya video, tuliwekewa picha iitwayo Shout at the Devil. Ilitengenezwa mwaka 1976, ikiwa na Lee Marvin na Roger Moore, kutokana na kitabu cha Wilbur Smith. Dakika chache baada ya kuanza nikaelewa kuwa mahali panapokusudiwa ni delta ya Rufiji. Meli imepewa jina jingine, Blücher, lakini ni meli ileile ya Wadachi iliyojificha. Roger Moore anajipaka rangi nyeusi ajifanye kibarua. Na katikati ya mambo hayo vinaburutwa vyuma vizito vya kutengenezea meli, na wanaoburuta ni vibarua weusi wengi, wasio na jina wala neno. Nikajikuta nimesimama mbele ya runinga ya watu. Mwenye nyumba akaniuliza kama nimeumwa.

Picha ni picha, hudanganya kwa ada. Ndipo nikaenda kutafuta vitabu, jambo ambalo mshindi wa historia alipaswa kulifanya miaka 15 nyuma. Meli iliitwa Königsberg, na nahodha wake alikuwa Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikarudi kujificha katika delta kwa kuwa mitambo yake ilikuwa mibovu. Na kweli, sehemu zilizoharibika zilifunguliwa, zikachukuliwa kwa nchi kavu mpaka kwenye karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarejeshwa. Mwisho wa Oktoba 1914 Waingereza waliigundua; wakaziba mlango mmoja wa mto kwa kuzamisha meli ya makaa iitwayo Newbridge; wakaleta ndege; na mwishowe wakaleta manowari mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey. Walishindwa tarehe 6 Julai 1915, na tarehe 11 wakafanikiwa. Hakuna bomu la stelingi lililotegwa. Wadachi waliipasua meli yao wenyewe baada ya kupigwa vibaya, kisha wakaopoa mizinga yake 10, nayo pia ikaburutwa na watu, na ikatumika vitani. Mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, mwingine Pretoria. Mabaki ya meli yalikatwakatwa kwa ajili ya chuma mpaka miaka ya 1960, yakazama katika tope la mto.

Vitabu vinataja majina ya maofisa wa pande zote mbili, marubani, hata mwindaji wa Kikaburu, Pretorius, aliyetumwa kupeleleza. Katika vile nilivyosoma mimi, waliovuta kamba wanaitwa vibarua.

Nilimtafuta mwenzangu kwa muda mrefu, si kwa bidii ya kujivunia. Mwaka 2011 nilipita Bungu nikashuka Nyamisati, mahali panapopandiwa boti za Mafia, na muuza chai akanionyesha barazani mzee anayecheza bao. Hakuniuliza mimi ni nani. Akasema, "Karibu, mwanahistoria." Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza yote: video, vitabu, tarehe, karakana. Nikamwomba radhi kwa usiku ule, na kwa lile jina.

Alisikiliza mpaka mwisho huku akizipanga kete, sita katika nyumba, mbili, mbili.

"Na katika picha hiyo," akauliza, "wanaovuta wanaonekana?"

"Wanaonekana, lakini kwa mbali."

"Imepigwa wapi?"

"Afrika ya Kusini na Malta."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi babu hayumo," akasema. "Alikuwa huku." Akanionyesha nianze.

Alinifunga bao la mkononi, hata mtaji hatukuufikia. Tukapanga tena. Boti ya Mafia ilikuwa inapakia, na kijana mmoja ndani yake alikuwa akipiga wimbo wa zamani kwa simu, sauti yake nyembamba kama ya betri zilizoanikwa. Mwenzangu akainua kidole kunionya ninyamaze, kete zikiwa zimebaki mkononi, mpaka gitaa likaisha.